Sura ya Nne: Nani Alimfunda Bwana Harusi?

Kicheni pati ya Dar es Salaam ina utaratibu wake. Wageni, wote wanawake, wanaingia ukumbini na sare walizokubaliana wiki kadhaa nyuma. Mwali anaingizwa amefunikwa khanga, anatembea polepole, somo wake kamshika mkono. Zawadi zinapangwa mbele: jiko la gesi, masufuria, hotipoti, seti za glasi, mara nyingine friji kabisa. Kisha inafika zamu ya wanaofunda. Mwali anaambiwa jinsi ya kumpokea mume aliyerudi kachoka, jinsi ya kusema naye akiwa na hasira, namna ya kuishi na mawifi, mambo ya chumbani, siri zipi zisivuke kizingiti. Kwa familia za pwani zinazoshika mila, usiku huo ni hitimisho tu. Mwali ameshakaa na somo siku nyingi, amefanyiwa singo, amefundwa akafundika.

Siku hizohizo bwana harusi anahangaika na kamati. Kamati inahesabu michango na ahadi, inabishana bei ya ukumbi, mpambaji, MC na muziki. Marafiki wanampongeza, wanamtania, na katikati ya utani wanamwachia mawaidha mawili matatu: uwe kichwa cha nyumba, usikubali kukaliwa, mke ukimwendekeza atakupanda kichwani. Mawaidha yameisha. Wiki haipiti, wawili hawa wanaingia chumba kimoja kuanza maisha, mmoja ana mafunzo, mwingine ana cheo.

Sura hii inamhusu huyo mwenye cheo. Nasema na wanaume wenzangu, waliooa na wanaojiandaa kuoa, na wale ambao ndoa zao zimepoa na hawajui zilianza kupoa lini. Ninaamini kwa dhati kwamba mfumo dume ulitunyima elimu ya kupenda ukatupa mamlaka badala yake, tukadhani tumepewa kilicho bora. Ninaamini pia kwamba mwanamume hufundika kama mwanamke anavyofundika, mradi apatikane wa kumfunda.

Kumfunda binti ni kazi ya zamani hata ikawa na fasihi yake. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wosia. Ya dini yamo, ya adabu yamo, na sehemu kubwa yahusu jinsi mke anavyopaswa kuishi na mumewe, kumridhisha na kumtunza. Vizazi na vizazi vimeukariri. Ni kazi ya mwanamke msomi, mwenye lugha ya hali ya juu, na ninaiheshimu. Ila jaribu kutafuta utendi wa pwani wenye sifa kama hiyo ambamo mzazi anamketisha mwanawe wa kiume na kumweleza, kwa upole uleule na kwa kina kilekile, jinsi ya kumtunza mke. Utatafuta sana. Mshairi Shaaban Robert angalau aliwakumbuka watoto wa jinsia zote mbili, Utenzi wa Hati ukamwendea binti, Utenzi wa Adili ukamwendea mwana.

Wavulana walikuwa na chuo chao, jando. Huko walijifunza mengi, mengine ya maana sana: kuheshimu wakubwa, kutunza siri, kuwa na neno moja. Lakini somo ambalo hakuna aliyelisahau ni la kisu: uvumilie, usitoe sauti. Leo mtoto anatahiriwa hospitalini akiwa mdogo, kachomwa ganzi, na baada ya siku chache anakimbia uani. Wazee wa jando hawapo, nyimbo zao hazipo, na katika mafunzo yote yale iliyobaki ni ile amri moja ya kutolia. Mtoto wa miaka saba akijikwaa na kuchubuka goti anaambiwa, "We mwanaume bwana, unalia kama msichana?" Anafuta machozi na kamasi kwa mkono wa shati, watu wazima wanamsifu, na tangu hapo anajua sifa zinapatikana wapi.

Wanyarwanda wana methali isemayo kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Methali hiyo hutolewa kama sifa ya ushujaa. Nami huisoma kama maelezo ya ugonjwa, maana yanayotiririkia tumboni hayapotei. Mwanamume anafiwa na mama yake, anapunguzwa kazini, anaogopa deni, anaona wivu, anajisikia mpweke ndani ya nyumba yake mwenyewe, na yote hayo yanatoka yakiwa hasira, kwa sababu hasira ndiyo hisia pekee aliyoruhusiwa kuionyesha mbele ya watu. Mwandishi Mmarekani mweusi bell hooks, katika kitabu chake cha mwaka 2004, The Will to Change, alijenga hoja kwamba kabla ya mfumo dume kumtuma mwanamume amuumize mwanamke, humlazimisha kwanza aue moyo wake mwenyewe. Aliandika akiwafikiria wanaume wa Marekani. Hoja yake inafika Tandale na Kisumu bila kuhitaji marekebisho mengi.

Wapo watakaosema hizi ni mila zetu na tumeishi nazo tangu enzi. Basi tuziangalie hizo enzi. Mwishoni mwa miaka ya 1890 utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba, na baada ya muda kodi ilitakiwa ilipwe kwa fedha. Mwanamume aliyekuwa analima na wenzake kijijini akalazimika kwenda kutafuta sarafu mbali. Mashamba ya mkonge ya Tanga yakajaa manamba kutoka Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi. Wakati wa Waingereza, mwaka 1944, wenye mashamba walianzisha ofisi maalumu ya kukusanya vibarua hao, SILABU. Mtu alisaini mkataba, akapewa namba, akaishi kambini miezi na miezi, wengine miaka. Huku nyuma mke alibaki na shamba, watoto, wazee na mifugo. Mtoto akakua akimjua baba kama jina linalotajwa pesa zikifika. Kwa hiyo ule ubaba wa kutoa matumizi na kuondoka, ambao leo tunauapia kuwa ni mila, kwa sehemu kubwa ulitengenezwa na kodi na mkataba wa kazi.

Sisemi kwamba kabla ya hapo palikuwa na pepo. Mabinti waliozwa bila kuulizwa, wajane walirithiwa, na fimbo ilikuwepo. Ninachosema ni kwamba tabia zilizoingizwa kwa sababu zinazojulikana, katika miaka inayojulikana, zinaweza kutolewa.

Kisha pesa zenyewe zikaanza kukata. Katika miaka ya 1980 na 1990 mishahara ilishindwa kulisha familia hata wiki mbili, na mashirika ya umma yakapunguza watu. Nani aliziokoa nyumba? Wanawake waliokaanga maandazi alfajiri, mama ntilie, wauza genge, wauza mitumba. Mtafiti kutoka Denmark, Margrethe Silberschmidt, aliwachunguza wanaume wa Kisii nchini Kenya na wa Dar es Salaam katika kipindi hicho. Aliwakuta wengi wamebaki na jina la kichwa cha nyumba wakati nyumba inaendeshwa na mtu mwingine, na wengi wao waliitafuta thamani yao iliyopotea kwa ukali, pombe na wapenzi wa nje. Huwa nakumbuka utafiti huo kila ninaposikia wanaume wakilalamika kwamba wanawake wa siku hizi wana kiburi. Mwanamume aliyefundishwa kwamba heshima yake yote imo ndani ya pochi, pochi ikikauka hana mahali pengine pa kuitafuta. Hakufundishwa kuwa rafiki wa mkewe. Hakufundishwa kuwa mtu wa kukimbiliwa na mtoto.

Ukitaka kujua hali ya nyumba, sikiliza dakika ile geti linapogongwa jioni. Watoto walikuwa wanacheka mbele ya televisheni. Mmoja anachungulia dirishani, "Baba huyo!" Rimoti inarudishwa mezani, katuni inaondolewa, mkubwa anakamata daftari, mdogo anatorokea jikoni, mama anapunguza sauti kwenye simu. "Shikamoo baba." "Marahaba. Chakula tayari?" Baba anaketi kwenye kiti ambacho hakuna mwingine anayekikalia. Anatengewa peke yake sebuleni, wenzake wanakula jikoni, na kelele zao ndogo za furaha zinamfikia kwa mbali. Yeye anaita hiyo heshima. Kila kitu anachoambiwa kimekwisha chujwa. Ada, viatu vilivyotoboka, safari ya shule, matokeo mabaya ya hisabati, yote yanapitia njia moja: "Mama, mwambie baba." Binti akivunja ungo, baba hajui. Kijana akianza kuvuta bangi, baba ndiye wa mwisho kusikia, na akisikia atauliza kwa nini alifichwa. Alifichwa kwa sababu anaogopwa, na mtu anayeogopwa hufichwa, hata na wanaompenda.

Ngoja miaka thelathini. Watoto wamekua, wanafanya kazi mjini. Simu inaita: "Shikamoo baba. Hamjambo? Mama yupo? Hebu nipe mama." M-Pesa inaingia kwenye simu ya mama. Baba amekaa barazani na redio yake, mkali bado, lakini hana tena wa kumkalipia. Mwanamume huyo aliwalisha kweli, aliwasomesha kweli, alilala macho kwa ajili yao, na hakuna hata mmoja anayemjua. Nimewaona wazee wa namna hii wengi mno, na naumia kwa ajili yao kama ninavyoumia kwa ajili ya wake zao.

Kinachopaswa kuachwa, basi, ni nini? Kupiga kwanza, na hapo hapana mjadala. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Imepita zaidi ya nusu karne. Hata hivyo, katika utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015-16, wanawake 58 katika kila 100 na wanaume 40 katika kila 100 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu mojawapo kati ya walizosomewa: akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, akiwapuuza watoto, akimnyima unyumba. Angalia vizuri takwimu hizo. Wanawake waliokubali ni wengi kuliko wanaume. Wamefundwa kukubali, na waliowafunda waliwatakia mema.

Lakini wapo wanaume wengi ambao hawajawahi kunyanyua mkono na wanadhani hapo wamemaliza. Hao ndio ninaotaka kukaa nao zaidi.

Chukua kununa. Mume kaudhika na jambo, pengine dogo. Hasemi. Anarudi usiku, anapita sebuleni bila salamu, chakula kinabaki chini ya kawa mpaka asubuhi. Siku ya pili hivyohivyo. Watoto wanatembea kwa ncha za vidole. Mke anajiuliza kakosa nini, anampigia wifi mkubwa, anafikiria kumtafuta mshenga. Siku ya nne mume anaanza kuongea kana kwamba hapakuwa na kitu. Hakumgusa mtu, hakutukana mtu, na kwa siku nne nyumba nzima ilikuwa kifungoni. Ukimuuliza atasema alikuwa anazuia hasira. Sawa, hasira izuiwe. Ila kuna sentensi ambayo ingeifanya kazi hiyo bila kumfunga mtu: "Nimeudhika, na nikiongea sasa nitasema vibaya. Tukae baada ya isha tuzungumze." Kisha, na hili ndilo gumu, baada ya isha akae kweli.

Au chukua kuomba msamaha. Wanaume wengi tunaomba kwa kilo ya nyama. Jana alifoka, leo karudi na mfuko wa steki na tikiti maji, kaweka mezani, hakusema neno. Mke anajua nyama ile ni ya nini. Anaipika, wanakula, na lile jambo linabaki palepale likisubiri lenzake. Tuseme siku moja mume anaamua kusema kwa mdomo wake:

"Mama Fulani, jana nilikufokea mbele ya mdogo wako. Nimekukosea."

"Yameisha, Baba Fulani."

"Nataka kujua ulijisikiaje."

Mke ananyamaza kwanza, anakunja nguo aliyoishika, anaiweka juu ya nyingine. "Nilijisikia sina thamani. Na mdogo wangu aliniangalia kama ananionea huruma."

Hapo ndipo mume anapojaribiwa. Kila kitu alichofundishwa kinamwambia ajitetee: na wewe ulianza, nilikuwa nimechoka, mbona wewe majuzi. Akijitetea, mkewe hatamwambia tena ukweli kwa muda mrefu. Akikaa nayo ile sentensi, akaipokea ilivyo, na hata akampigia shemeji yake kumwomba radhi, amefanya kitu ambacho friji ya kicheni pati haiwezi kufanya. Naandika hivi kwa sababu nimewasikia wanawake, wa rika zote, wakisema jambo ambalo hawajawahi kulipata kwa waume zao ni kusikilizwa hadi mwisho. Mapenzi yalikuwepo, pesa zilikuwepo. Kusikilizwa hakukuwepo.

Kazi za nyumbani zina sura yake. Katika nyumba nyingi za mjini, ambako wote wawili wanafanya kazi, mume wa leo anapika, anaogesha mtoto, anafua. Hayo ni maendeleo na nayashangilia. Bado mmoja tu ndiye anayekumbuka. Chumvi inakwisha lini, kadi ya kliniki iko wapi, sare ya Jumatatu imekauka, nani kafiwa na mchango umefika kiasi gani, dada wa kazi anaumwa nini. Mume anasubiri kuambiwa, anafanya, anasubiri kushukuriwa. Mwenye kukumbuka halali usingizi mzima. Ushauri wangu ni mume achukue eneo zima, mwanzo hadi mwisho. Kliniki ya mtoto iwe yake: kadi aitunze yeye, tarehe aijue yeye, chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 aipeleke yeye, na ya miezi 18, ambayo familia nyingi huisahau, aikumbuke yeye bila kuulizwa. Atakuta mabenchi yamejaa kina mama na muuguzi anaanza mafunzo yake kwa kusema "kina mama". Avumilie. Atatoka pale anamjua mtoto wake kwa kilo na gramu.

Pesa nayo ina siri nyingi mno. Mume anayeacha hela ya mboga mezani kila asubuhi, huku mkewe hajui mshahara ni kiasi gani wala kiwanja kimenunuliwa wapi, anamweka mtu mzima katika hali ya mtoto. Na wapo wanaosema kwa uhakika kabisa, "Wewe hufanyi kazi, umechangia nini?" Swali hilo lilijibiwa zamani. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za mke nyumbani, kutunza nyumba na familia, ni mchango unaohesabika katika kupata mali ya wanandoa. Uamuzi ule ulitolewa kwa ajili ya wanaoachana. Itakuwa jambo jema ukisomwa na wanaopendana, mume akaufungua pamoja na taarifa ya benki, wakaketi mezani wote wawili na karatasi moja.

Hapa baadhi ya wasomaji wataniuliza kuhusu dini. Naheshimu swali hilo. Bi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini awapo nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Simulizi nyingine zinaeleza kwamba alishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake. Mahubiri mengi ya harusi kanisani huanzia Waefeso 5:22, penye maneno kwa wake, ilhali mstari wa 21 unawataka waamini wote wanyenyekeane, na wa 25 unamtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Mwanamume anayetafuta ruhusa ya kuwa mpole ataipata katika kitabu chake. Ni kijiweni ndiko hataipata.

Kijiwe kina nguvu, tusikidharau. Mwanamume akionekana anaanika nguo za mtoto, neno linapita: kalishwa limbwata. Kenya watasema amekaliwa chapati. Bongo, wimbo wa Bushoke, Mume Bwege, ulivuma hata jina la mwimbaji mwenyewe likawa tusi la mume anayetawaliwa na mkewe. Wanaume wengi wanafanya mambo mazuri ndani, mlango ukiwa umefungwa, na wakitoka nje wanajifanya wakali. Naamini hofu ya kuchekwa na wanaume wenzao imezuia upendo mwingi kuliko ukatili wa makusudi. Ndiyo sababu mwanamume mmoja mmoja, kwa bidii yake binafsi, mara nyingi hafiki mbali. Anahitaji wanaume wengine.

Rwanda walilielewa hili. Shirika la wanaume liitwalo RWAMREC, lililoanzishwa mwaka 2006, liliendesha pamoja na shirika la Promundo mpango ulioitwa Bandebereho kati ya mwaka 2013 na 2015. Waliwakusanya wanaume wenye watoto wadogo au wanaotarajia mtoto, katika vikundi vidogo vya kijijini. Vikao vilikuwa 15, na katika 8 kati ya hivyo wake zao walihudhuria pia. Waliowaongoza walikuwa kina baba wa kujitolea kutoka jamii zao wenyewe, watu waliojulikana, wenye mashamba na watoto kama wao. Walizungumza kuhusu baba zao. Walizungumza kuhusu ujauzito, uzazi wa mpango, pesa, hasira, maamuzi ya nyumbani. Waliigiza ugomvi na kuutazama upya. Hii ni nchi iliyopita katika mambo mazito, na wanaume waliokaa kwenye vikao vile walikuwa kizazi cha watoto wa mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari. Kuwaomba watu hao waseme walivyolelewa ni kuwaomba jambo kubwa.

Watafiti walifuatilia jozi 1,199 za wenza katika wilaya 4, baadhi wakiwa wamepitia vikao na wengine hawakupitia, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Katika kundi ambalo halikupitia vikao, wanawake 57 katika kila 100 walisema walipigwa na waume zao katika mwaka uliotangulia. Katika kundi lililopitia, walikuwa 33. Bado 33 ni wengi, na kila mmoja ni mtu. Lakini sijui mahubiri wala semina ya siku moja iliyowahi kushusha idadi hiyo kiasi hicho. Wanaume wa vikao walienda kliniki na wake zao mara nyingi zaidi na kutumia muda mwingi zaidi kwa watoto na kazi za nyumbani. Kampala, mpango wa SASA! wa shirika la Raising Voices uliingia mitaani kwa njia tofauti, kwa mazungumzo ya jamii nzima, na utafiti wake wa kati ya 2007 na 2012 nao ulionyesha ukatili wa kimwili umeshuka kwa takribani nusu.

Ukivitazama vikao vya Bandebereho kwa macho ya mtu wa pwani, unautambua unyago. Kundi dogo, mwalimu aliyepita njia hiyo, mafunzo ya wiki nyingi, mambo yanayosemwa pale kwa uwazi ambao haupatikani kwingine. Hakuna kinachotuzuia kufanya hivyo Tanga, Mombasa, Bujumbura au Goma. Tuna kamati za harusi zinazokutana kila wiki kwa miezi, tuna mabaraza ya kahawa, tuna jumuiya ndogondogo na madarasa ya misikitini. Mimi ningeweka sharti moja tu kuhusu nani awe kungwi wa wanaume: asipendekezwe na wanaume wenzake, wala na shehe, wala na paroko. Apitishwe na mkewe. Mzee mwenye ndoa ya miaka 40 ambaye mkewe, akiulizwa faraghani, atasema "huyu nendeni mkajifunze kwake", huyo ana cha kuwapa vijana.

Kuna jambo ambalo mwanamume anayeanza kubadilika huwa haambiwi, likamkatisha tamaa: mkewe hatamwamini mara moja. Amerudi mapema, kaingia jikoni, kamenya vitunguu, kauliza siku yake ilikwendaje. Mke anamtazama. "Baba Fulani, umefanya nini?" Ana haki ya kuuliza. Ameona upole wa ghafla kabla, siku mume alipotaka asaini mkopo, au siku ujumbe wa mtu ulipokutwa kwenye simu. Watoto nao wataendelea kutawanyika geti likigongwa. Miguu yao imezoea. Mume atajisikia kaonewa, atajiambia kwamba wanawake hawaridhiki, na kijiweni watamkaribisha kwa mikono miwili. Hapo wengi hurudi nyuma. Anayeendelea anahitaji kufanya yaleyale wiki baada ya wiki bila kudai pongezi, na bila kuugeuza wema wake kuwa deni ambalo mke atalipa. Imani iliyobomolewa miaka kumi haijengwi kwa mwezi wa vitunguu.

Inajengwa, lakini. Watafiti walirudi kwa wenza wale wa Rwanda miaka 6 baadaye na kuchapisha walichokuta mwaka 2023. Waliopitia vikao bado walikuwa na ukatili mdogo kuliko wenzao, bado waligawana zaidi kazi na maamuzi ya nyumbani, na watoto wao walichapwa kidogo. Waliokuwa tumboni wakati baba zao wanaketi kwenye vikao walikuwa wamefika umri wa kwenda shule, na wengi wao hawakuwahi kumjua yule baba wa kabla ya vikao.